Salamu za shukrani kwa waliochangia matibabu ya mama yetu

Familia inatoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani wote mliochangia matibabu ya mama yetu, kwa fedha, kwa kulala naye wodini na kwa dua. Ni wengi mno kuwataja mmoja mmoja. Tuwieni radhi mkizipokea shukrani hizi kwa pamoja. Mchango umefungwa, hivyo tafadhali mtu asitume fedha tena.

Mliotoa mna haki ya kujua mlichotibu. Ugonjwa ni vaskulaitisi ya ubongo: kinga ya mwili inashambulia kuta za mishipa ya damu ndani ya ubongo. Ukuta ukivimba, njia ya damu hubanwa au huziba, na sehemu iliyotegemea mshipa ule hukosa damu. Ndiyo sababu kichwa huuma wiki hata miezi, kumbukumbu ikapotea, kisha vikaja viharusi vidogovidogo, kila kimoja mahali pake. Si saratani wala hauambukizi. Tunalisema hili wazi kwa kuwa siklofosfamidi, mojawapo ya dawa zake, hutibu saratani pia, na jina hilo liliwatia baadhi yenu hofu.

Fedha nyingi zilikwenda kwenye vipimo, na hapo ndipo tunapowashukuru zaidi, kwani hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini mara nyingi hutoka vya kawaida. MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, huonyesha madhara bila kusema yameletwa na nini. Maji ya uti wa mgongo huonyesha chembe nyeupe na protini zilizopanda. Pia humo hutafutwa kifua kikuu, kaswende na virusi vya tetekuwanga, maana dawa za kushusha kinga zikitolewa kabla maambukizi hayajatibiwa, maambukizi husambaa. Angiografia, yaani picha ya mishipa ya damu, huonyesha mishipa iliyobanwa hapa na kutanuka pale, kama shanga kwenye uzi, lakini upo ugonjwa mwingine wenye picha hiyohiyo ambao mishipa yake hufunguka yenyewe ndani ya miezi 3 hivi. Na mishipa midogo sana picha hiyo haiioni. Uhakika zaidi hutoka kwenye kinyama kinachochukuliwa kwenye ubongo na utando wake. Hata hicho chaweza kutoka safi, kwa sababu ugonjwa huu huruka sehemu, hushika hapa ukaacha pale. Waliouliza kwa nini majibu yalichelewa, sababu ndiyo hiyo.

Kwa madaktari na wauguzi, asanteni kwa subira yenu. Matibabu yalianza kwa methiliprednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga, kupitia mshipani, gramu 1 kwa siku kwa siku 5. Sasa ni vidonge vya prednisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo, vinavyopunguzwa taratibu kwa miezi, pamoja na dripu ya siklofosfamidi kila mwezi kwa miezi 6. Kila dripu hutanguliwa na hesabu ya chembe za damu, na huendana na maji mengi na mesna, dawa ya kulinda kibofu, ili kibofu kisitoke damu. Baadaye itafuata dawa nyepesi zaidi ya kuzuia ugonjwa usirudi.

Kwa mnaoendelea kumhudumia nyumbani, tunaomba haya. Prednisoloni isikatishwe ghafla hata siku moja, hata akionekana mzima: mwili umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kukatisha kunaweza kumwangusha kwa kutapika na shinikizo la damu kushuka. Vidonge avinywe asubuhi baada ya kula. Vikinywewa jioni humnyima usingizi. Joto la mwili likifika nyuzi 38, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Msimpe dawa ya homa mkasubiri asubuhi, kwani kinga yake iko chini. Asipewe chanjo yoyote kabla daktari hajaulizwa. Mwenye mafua, tetekuwanga au mkanda wa jeshi atusalimie kwa simu kwanza.

Uso uliojaa si kunenepa, ni vidonge, na ukali wa ghafla mara nyingi ni vidonge pia. Akisahau kwamba ulikuja jana, usimuulize "hunikumbuki?" Jitaje jina, kaa karibu naye, zungumza jambo moja kwa wakati. Anawafurahia sana wageni wawili wawili, wakati wa asubuhi, kwa nusu saa hivi.

Mwenyezi Mungu awarudishie mara nyingi zaidi ya mlichotoa.

Wanafamilia