Barua kwa Mama Rehema: nimefika Montgomery

Atlanta, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Rehema,

Asalaam aleikum. Mimi na watoto hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ujumbe wako wa sauti niliupata, na pole sana kwa msiba wa shangazi. Nimemsomea Yasini huku huku. Nilitaka nikupigie, lakini simu zetu unazijua, maneno mawili mtandao umekatika, na haya niliyonayo moyoni ni marefu. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Wiki iliyopita nilipata mapumziko ya siku mbili nikaenda Montgomery, Alabama. Kutoka hapa ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Kisa cha Rosa Parks unakijua, nani hajakisikia: mama mshona nguo, katoka kazini hoi, kakaa kwenye basi, kaambiwa ampishe mzungu, kakataa kwa kuwa amechoka. Mimi nami nilikishika hivyo hivyo miaka yote. Shoga, tuliyosikia hayafiki hata robo.

Kwanza nikueleze basi lenyewe lilivyokuwa. Viti 36. Kumi vya mbele ni vya wazungu, na hata kama mzungu hayumo, mtu mweusi anasimama huku viti vitupu viko mbele ya macho yake. Vya nyuma ni vya weusi. Vya katikati mweusi anaruhusiwa kukaa, ila mzungu akikosa nafasi, dereva anakuja kuinua mstari mzima, kwa sababu mzungu hawezi kuchangia mstari na mweusi. Kwa hiyo ili akae mtu mmoja, wanainuka wanne. Siku ile ya Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955, watatu waliokuwa mstari mmoja na Rosa waliinuka. Yeye akabaki.

Kuna na hili la mlango, ambalo ndilo limenikaa rohoni. Unapanda mlango wa mbele, unatumbukiza nauli yako, kisha unashuka tena, unazunguka kwa nje mpaka mlango wa nyuma ndipo uingie. Na wakati mwingine unazunguka, hujafika, dereva anaondoa gari na hela yako imo ndani. Mwaka 1943 Rosa alikataa kuzunguka, na dereva mmoja, James Blake, akamteremsha. Tangu hapo kila akiliona basi analoendesha bwana yule alikuwa haliingii. Miaka 12! Ile jioni ya 1955 hakuangalia nani ameshika usukani. Alikuwa ni yule yule.

Na uchovu wa kuchoka miguu, mwenyewe aliukana baadaye. Alisema alichochoka nacho ni kusalimu amri. Alikuwa na miaka 42, na kwa miaka mingi alikuwa katibu wa tawi la NAACP pale mjini, chama cha kutetea haki za weusi, akiandika habari za watu waliopigwa na wanawake walionajisiwa. Mwanamke wa namna hiyo ukimwita mshonaji aliyechoka tu, umemdhulumu.

Sasa ngoja nikwambie habari ya mtoto, maana pale nilisimama nikawaza nyumbani kwako. Miezi tisa kabla ya Rosa, tarehe 2 Machi, msichana wa shule anaitwa Claudette Colvin alikataa kuinuka kwenye basi la mji ule ule. Ana miaka 15, umri wa Rehema. Polisi wakamkokota nje, wakamfunga pingu, wakamtia ndani. Wakubwa wa weusi wakakaa wakashauriana, wakaona kesi yake haifai kusimamiwa: mdogo, kwao hali ya chini, na baadaye akapata ujauzito. Naelewa walichoogopa, wazungu wangemchafua hadharani. Lakini nina uchungu naye, siwezi kukuficha. Kumbukumbu ya kesi yake ilifutwa mahakamani mwaka 2021, wakati huo yeye akiwa na miaka 82.

Basi usiku ule Rosa alipokamatwa, mwalimu mmoja wa chuo, Jo Ann Robinson, hakulala. Alikuwa kiongozi wa chama cha wanawake waliokuwa wamemwandikia meya barua tangu Mei 1954, kumweleza kwamba mambo haya yakiendelea watu wataacha kupanda mabasi. Akaingia chuoni usiku na mwenzake na wanafunzi wawili, wakachapa vipeperushi kwa maelfu mpaka kunakucha, kuwaambia watu wagome kupanda mabasi. Jumatatu tarehe 5 mabasi yakapita karibu matupu. Jioni watu wakafurika kanisa la Holt Street, na mchungaji kijana wa miaka 26, Martin Luther King, akasimama kuzungumza. Yeye unamjua, sitamweleza.

Ninaotaka uwajue ni waliotembea. Wengi wa abiria wale walikuwa ni wanawake wa kazi za ndani: wapishi, wafuaji, walezi. Wanavuka mji alfajiri kwenda kwa wazungu, jioni wanarudi. Mama Rehema, hiyo ndiyo kazi yangu. Natoka saa 10 usiku, napanda mabasi mawili kwenda kumuogesha bibi wa watu na kumpikia uji. Mwaka juzi asubuhi moja ya baridi basi halikuja, nikatembea dakika hamsini. Nilipofika niliingia jikoni nikalia, vidole sivisikii. Ilikuwa siku moja. Wao walikwenda hivyo siku 381, kiangazi na masika.

Walitembea, lakini pia walijipanga, na hapo ndipo nilipowavulia kofia. Mwanzoni madereva wa teksi weusi waliwachukua kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Serikali ya mji ikakumbusha sheria kwamba teksi haishuki chini ya senti 45. Wakaanzisha magari yao, kama 300 hivi, yana vituo na ratiba, na makanisa yakanunua mengine. Watu wakayaita makanisa yanayotembea. Moja la aina hiyo liko pale makumbusho ya Rosa Parks, nililizunguka mara mbili. Kampuni za bima zikakata bima za magari ili yasimame, wao wakaipata London. Hata mabibi wa kizungu, si kwamba wote walipenda mgomo, wakaanza kwenda kuwachukua wafanyakazi wao kwa gari, maana bila wao nyumba haziendi. Meya akawakemea. Inasimuliwa kwamba wako waliojibu: basi aje yeye atufulie.

Na mafuta ya magari hela zilitoka wapi? Hapa ungecheka kwa furaha, wewe mtu wa vikoba. Alikuwepo mama anaitwa Georgia Gilmore, mpishi, ana watoto sita. Akakusanya wanawake wenzake wakawa wanapika majumbani: kuku, samaki, keki, mikate ya matunda, wanauza mitaani na saluni, kwa weusi na kwa wazungu. Kikundi chao wakakiita Klabu Isiyotoka Mahali. Jina hilo lilikuwa kinga. Tajiri akiuliza hela za mgomo zimetoka wapi, jibu ni: hazijatoka mahali. Mikutanoni Georgia anasimama, anataja kiasi walicholeta wiki ile, na kanisa zima linapiga makofi na kukanyaga sakafu. Alipotoa ushahidi kwenye kesi ya King, aliyeshtakiwa kwa ajili ya mgomo, mwezi Machi 1956 akafukuzwa kazi, akageuza jiko la nyumbani kwake kuwa mgahawa.

Mabomu nayo yalilipuliwa, nyumba ya King tarehe 30 Januari 1956, mkewe na kichanga wamo ndani, wakanusurika. Viongozi 89 wakashtakiwa kwa sheria ya zamani ya kukataza mgomo. Hayo yameandikwa kila mahali.

Ila hili wengi hawalijui: kesi iliyovunja ubaguzi kwenye mabasi yale haikuwa ya Rosa. Ilibeba majina ya wanawake wanne, Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith, na yule mtoto, Claudette. Alisimama mahakamani Mei 1956, tayari ni mama, akajibu maswali ya wakili wa mji. Majaji wawili kati ya watatu wakakubali mwezi Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha Novemba 13, na karatasi ya amri ikafika Montgomery Desemba 20. Kesho yake asubuhi watu wakapanda kwa mlango wa mbele, wakalipa, wakaendelea ndani bila kushuka.

Wiki haijaisha, mabasi yakaanza kupigwa risasi usiku. Mama mmoja mjamzito alipigwa miguu yote miwili.

Nilisimama kwenye ile kona alipokamatiwa Rosa, makumbusho yamejengwa hapo hapo. Basi la mji likapita, dereva mwanamke mweusi, amevaa miwani, anakunywa kitu kwenye kikombe akisubiri taa. Nikamtazama mpaka akakata kona.

Barua imekuwa ndefu, nisamehe. Viatu vya Rehema nimevinunua, namba 38 kama ulivyosema, vyeusi vya kufunga kamba, soli nene. Vitakuja na mtu anayesafiri mwezi wa kumi na mbili. Msomee mwanao ile sehemu ya Claudette, kisha uniandikie alivyosema.

Nisalimie Tanga yote.

Shoga yako,
Mama Idi