Bi Mdogo asishike saa tena

Columbia, Maryland
Jumapili jioni

Dada, shikamoo.

Natumaini hamjambo wote hapo Muheza, na magoti ya Mama yamepoa. Mimi sijambo. Baridi imekwisha, koti nimelifungia kabatini. Hela za bati nimetuma Ijumaa, angalia simu yako. Hili la leo nimeona niliandike, maana kwa simu mtandao ungekatika katikati na ungesema nimeanza kuhubiri.

Alhamisi basi langu lilipeleka wanafunzi kwenye mashindano ya riadha, nikabaki uwanjani kuwasubiri. Zikaitwa mbio za mita 800. Wavulana wamejipanga, na pembeni kabisa yuko mmoja kwenye kiti cha mbio: magurudumu mawili makubwa yameinamiana kwa juu, la tatu dogo liko mbele kwenye chuma kirefu, mwenyewe amekunja miguu chini yake kama aliyeketi kwenye mkeka. Mikononi glavu ngumu kama kwato. Bastola ikalia, wenzake wakamwacha palepale, maana kiti kikiwa kimesimama ni kizito kukianzisha. Nikasema moyoni, masikini. Kisha nikaanza kusikia pa, pa, pa, anavyoyapiga yale magurudumu. Mzunguko wa pili akawapita mmoja mmoja, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa dereva wa basi.

Nikamuuliza mwalimu mmoja, hivi hawa wanakimbia pamoja tangu lini? Akanitajia Tatyana McFadden.

Dada, huyo ana mgongo wazi wa kuzaliwa nao, kama binti yako Bi Mdogo. Alizaliwa 1989 Leningrad, kule Urusi, akakaa siku 21 kabla ya kufanyiwa upasuaji. Wewe uliyehesabu siku kwenye benchi la Muhimbili unajua 21 ni nyingi kiasi gani. Akalelewa kwenye kituo cha yatima kisicho na kiti cha magurudumu, akawa anatembea kwa mikono kuwafuata wenzake. Alikuwa na miaka sita alipochukuliwa na Deborah McFadden, ofisa wa serikali ya Marekani aliyekuwa amefika kule kikazi, akaletwa hapahapa Maryland. Akiwa na miaka 15 alirudi na medali mbili za Paralimpiki, ile Olimpiki ya wenye ulemavu, Athens 2004.

Sasa sikia. Huyo mwenye medali aliingia sekondari ya Atholton, hapa kaunti ya Howard, akaomba kukimbia na timu ya shule. Wakamruhusu, ila peke yake, uwanja mtupu, wenzake wakiwa pembeni. Mwaka 2006 yeye na mama yake wakaenda mahakamani. Hawakudai fidia, walidai bastola ikilia aondoke na wengine. Jaji akawakubalia. Kuna waliomzomea uwanjani, naye akaendelea kusukuma. Mwaka 2008 Maryland ikapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wenye ulemavu nafasi katika michezo ya shule, na 2013 wizara ya elimu ya Marekani ikazielekeza shule za nchi nzima wajibu wao huo. Mwaka huohuo akashinda marathoni za Boston, London, Chicago na New York, zote nne. Ushindi ni wake. Mimi kilichonichoma ni ule uwanja mtupu.

Maana unakumbuka Krismasi. Watoto wanashindana kutoka kwenye mwembe hadi kisimani, na mimi, mjomba wa Marekani, nikampa Bi Mdogo simu yangu ahesabu sekunde. Tukampigia makofi. Nikajiona nimemtendea jema. Mara mbili alisahau kubonyeza, tukacheka, tukamwambia aache kusinzia. Hakuwa anasinzia, Dada. Alikuwa anawatazama.

Na shuleni najua ndiye mlinzi wa mabegi kila siku ya michezo. Naomba uende kwa mwalimu wake, usiende na ugomvi, nenda na maandazi yako. Uwanja wao una mchanga, magurudumu yatazama, lakini ile lami ya mbele ya zahanati asubuhi haina magari. Wapange mbio moja pale, darasa lake zima, naye awemo. Asipewe ya kwake baadaye huku watu wakimpigia makofi ya huruma.

Utasema ataanguka. Ataanguka, ndiyo. Kaka zake wote wana makovu ya magoti na hujawahi kuwazuia. Utasema atakuwa wa mwisho. Mwaka jana kaka yake alikuwa wa mwisho na akala wali kama kawaida.

Kiti cha mbio siwezi kuahidi, bei yake inapita bodaboda mpya. Ila kile alichonacho kikazwe spoku, fundi baiskeli wa sokoni anaweza, na matairi yajazwe upepo kila wiki. Mzee akiuliza mambo haya yametoka wapi, niachie, nitampigia mwenyewe.

Ninachoweza kununua sasa ni glavu. Mwambie aweke kiganja cha kulia kwenye karatasi ya daftari, aizungushie kalamu vidole vyote, halafu na cha kushoto. Weka rula pembeni, piga picha, unitumie WhatsApp. Kuna mtu anakuja Tanga mwisho wa mwezi, nitampa azibebe.

Mdogo wako