Furaha, wewe ulijuaje?

Chicago, Jumapili usiku

Kwako rafiki na dada yangu Furaha,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku ni wazima. Mama anakusalimu sana na anauliza kama yule mdogo ameshaota meno. Nimekuandikia badala ya kukutumia sauti kwa simu kwa sababu kila nikianza kusema machozi yananitangulia, na jambo hili nataka ulisome taratibu, ulale nalo, ndipo unijibu.

Shemeji yako anataka tuhamie Bowling Green, kule Kentucky. Binamu yake anakaa huko, na amemtafutia nafasi kwenye kiwanda cha kuku, zamu ya usiku, dola 19 kwa saa. Mkataba wetu wa nyumba hapa unaisha tarehe 31 Julai, na mwenye nyumba ameshasema kodi itapanda kutoka dola 1,650 hadi 1,800. Ni hivi hivi vyumba 2 unavyovijua, ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Kabla mwezi huu haujaisha tunatakiwa tumjibu kama tunabaki au tunatoka.

Mwezi uliopita tulikwenda kuangalia, siku 4, sote na Mama. Tuliondoka alfajiri tukashuka na barabara kuu ya 65, Indiana yote, Louisville, mpaka kule, kama kilometa 650. Indiana simu zetu ziliruka saa moja mbele, na tulipokwisha kuipita Louisville zikarudi saa moja nyuma. Mama akaitazama saa yake ya mkononi, ile ambayo hairuki, akamwuliza Amani hiyo saa moja wameipeleka wapi. Mtoto akamweleza njia nzima mambo ya majira ya nchi hii, na Mama akamsikiliza kama anasikiliza mahubiri.

Mji wenyewe ni mdogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu elfu 72 hivi. Kambi yetu ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, tulipoondoka ilikuwa na watu zaidi ya laki moja, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: Bowling Green nzima ingeingia kambini kwetu na nafasi ikabaki. Lakini asubuhi ya kwanza, dukani, mtu alimsalimia Mama kwa Kibembe. Si Kiswahili, Kibembe! Mama aliweka chini mfuko wa unga aliokuwa ameushika akaanza kuuliza ukoo. Tulikaa pale dukani karibu saa nzima. Binamu anasema wakimbizi hawakuanza na sisi, Wabosnia walifika kwa wingi miaka ya 1990, na wengine leo wana maduka na migahawa yao. Wapo Warundi pia, na Waburma. Jumapili tulisali kwa Kiswahili saa 8 mchana, kwenye jengo la kanisa ambalo asubuhi wanalitumia Wamarekani, na kwaya yao, Furaha, ngoma na kila kitu, ungedhani uko kule kambini.

Sasa nikueleze kilichonitoa usingizi.

Nyuma ya nyumba ya binamu kuna ua, si mkubwa, ila una ardhi tupu. Mkewe ndiyo kwanza alikuwa anapanda matembele, vipando alivyovitunza ndani ya nyumba majira yote ya baridi. Mama akatoka nje akavua viatu. Mimi sijamwona Mama akivua viatu nje tangu Kasulu. Akainama, na yale magoti yake yanayomsumbua, akachota bonge la udongo. Ni udongo mwekundu, mzito, ukiuminya unashika alama za vidole. Akaupasua kwa kidole gumba, akakuta nyungunyungu ndani, akamrudisha taratibu akamfunika. Kisha akasema, "Huu umelala bure." Akauliza habari za muhogo. Mke wa binamu akamwambia muhogo kule hauwahi kukomaa, baridi inaukuta chini, lakini sombe utachuma kiangazi chote. Mama akafikiri, akasema, "Majani yanatosha." Akaomba jembe. Hatukumtoa pale mpaka jua likazama.

Miaka 9 sasa Mama anakaa dirishani hapa Chicago. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hashuki ngazi isipokuwa kwenda hospitali au kanisani. Anaangalia mabasi. Anajua basi lipi limechelewa. Nilikuwa nadhani amezoea, na siku ile uani nilitambua kwamba amevumilia tu, na mimi binti yake nimelala naye chumba cha pili bila kulijua.

Ungeniambia basi hameni. Lakini huku Chicago kuna ziwa. Wewe hujakaa naye pale ukingoni, sijui kama nitaweza kukueleza. Siku za Jumamosi za joto nampeleka asubuhi mapema, anakaa kwenye mawe ameelekea mashariki, na jua linatoka upande wa maji kama lilivyokuwa linatoka kwao Fizi, kule Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika. Hasemi kitu. Akirudi nyumbani anasimulia habari za baba yake na mitumbwi, na dagaa zilizokuwa zinaanikwa mchangani, habari ambazo siku nyingine hazitoki hata ukimwomba. Bowling Green kuna mto, Barren River. Tulisimama darajani akautazama kidogo, akasema turudi.

Na Amani. Ametimiza miaka 13 na hapa anapanda treni mwenyewe, anakwenda mazoezi ya mpira wa kikapu na kurudi, anajua vituo vyote kwa moyo. Kule mabasi ni machache mno, bila gari hufiki popote. Aliniuliza usiku, kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie, "Mama, hapa nitakwenda wapi kwa miguu?" Nilikosa la kumjibu. Kilichompendeza ni hadithi za chini ya ardhi tu. Eneo lile lote lina mapango, na moja liko mwendo usiofika saa moja kwa gari, Mammoth Cave, refu kuliko yote yanayojulikana duniani, limeshapimwa zaidi ya kilometa 680. Tena Februari 2014 ardhi ilititia ndani ya jumba la makumbusho la magari ya Corvette, ikameza magari 8 alfajiri. Aliirudia hiyo njia nzima ya kurudi. Mimi nilikuwa nafikiria nyumba tuliyoonyeshwa.

Kwa maana nyumba hiyo haina chumba cha chini. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 upepo ule wa kuzunguka, toneido, ulipita katikati ya mji huo watu wamelala. Ulivunja mitaa, ukaua watu zaidi ya 10, na familia za wakimbizi wamo. Mke wa binamu aliwalaza watoto kwenye beseni la kuogea akawafunika godoro, yeye akalala juu ya godoro. Anasema kabla ya kishindo masikio yaliziba, kama mtu anayezama. Nilimsikiliza nikaona usiku wetu wa kukimbia Fizi, Mama ametufunika na kanga mimi na kaka yangu, na pale pale nikataka turudi Chicago usiku huo huo.

Shemeji yako anasema kila mahali pana hatari yake, hata huku risasi zinalia. Ni kweli. Lakini yeye atakuwa kiwandani usiku, na gari anaondoka nalo. Mimi leseni sina. Mama akizidiwa saa 9 usiku? Binamu ananionyesha kwa kidole: nyumba ile Wakongo, ile Wakongo, ile Warundi, piga kelele tu watakuja. Cheti changu cha kuhudumia wazee ni cha Illinois, itabidi nikihamishie Kentucky ndipo niajiriwe. Hayo ni ya karatasi, yatakwisha.

Lipo moja dogo nisikufiche. Kituo cha mafuta, tukiwa tunaongea na Mama, mwanamume mmoja alitukazia macho akatuambia tuongee lugha ya nchi hii. Yamenikuta hata hapa kwenye treni. Tofauti ni kwamba hapa mtu huyo humwoni tena maisha yako yote. Kule ni mji mdogo, utamkuta dukani wiki ijayo, na mwanawe atasoma darasa moja na mwanangu.

Furaha, nimejichunguza nikaona hofu yangu kubwa haiko Bowling Green. Sisi hatujawahi kuchagua mahali. Mwaka 1996 vita ilitutoa, na tukafika Nyarugusu kwa sababu malori ndiko yalikokuwa yanakwenda. Miaka 20 tukaishi tukijua mwisho wetu ni kilometa 4, ukipita hapo lazima uwe na kibali. Halafu siku ile tukasukumana mbele ya ubao wa matangazo, mimi na wewe tumeshikana mikono, kwenu pameandikwa Buffalo na kwetu Chicago, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua miji hiyo iko upande gani. Tulilia kwa sababu majina hayakufanana. Hakuna aliyetuuliza, basi hata palipotushinda tulikuwa na wa kumlaumu. Safari hii naulizwa mimi. Mama akiugua kule, Amani akipotea njia, ni mimi niliyetia saini.

Wewe uliwahi kuchagua. Ulitoka Buffalo ukaenda Des Moines kwa hiari yako, na mimi wakati huo nilikupongeza tu sikukuuliza kitu. Sasa nakuuliza. Ulijuaje? Ulikuwa na hakika siku unafunga vyombo, au hakika ilikuja baadaye? Na kuna kitu cha Buffalo ambacho mpaka leo kinakuuma? Hicho ndicho nataka uniambie, usinifiche kwa kunionea huruma.

Mama hajasema neno. Shemeji yako alimwuliza mezani, akajibu kwamba yeye ni mzigo, na mzigo haumwambii mbebaji pa kupita. Nilimkatalia kwa ukali mpaka nikajuta. Lakini alirudi na vipando vitatu vya matembele kwenye kitambaa chenye maji, ameviweka kwenye glasi pale dirishani pake. Mizizi imeshatoka, myeupe, imejaa mpaka chini. Jana ameniomba nimtafutie chombo kikubwa zaidi.

Jumamosi ijayo nampeleka ziwani nimwulize huko, sisi wawili tu. Barua hii ikikufikia kabla, nipigie Ijumaa usiku baada ya zamu yako. Nitakuwa macho.

Rafiki yako,
Mama Amani