Risala ya Klabu ya Mali Hai kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanyamapori Duniani, Lamadi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Mkuu wa Shule na walimu wetu. Viongozi wa vijiji na vitongoji. Wazazi na wanafunzi wenzetu: shikamooni, na karibuni Lamadi. Mshereheshaji ametupa dakika saba, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kila mahindi yanapokaribia kukomaa, mikutano ya vijiji husikia kauli ileile: "Tembo wamepotea njia." Sisi tunaipinga. Mnyama mkubwa hupiga hesabu: malisho yana nini ndani yake, maji yako umbali gani, hatari imejificha wapi, pa kupita papo? Akitokea mahali asipotarajiwa, mara nyingi mojawapo ya hayo limebadilika.

Tuanze na nyumbu. Leo tarehe 3 Machi, sehemu kubwa ya nyumbu wapatao milioni 1.3 wa Serengeti wako kwenye nyanda za nyasi fupi, kusini mashariki. Wengi husema nyumbu hufuata mvua. Ingekuwa hivyo tu, wangekaa huku kwetu mwaka mzima, maana kule hunyesha karibu milimita 500 kwa mwaka, na upande wa Ziwa Victoria na Mto Mara hufika 1,000 na zaidi. Wanachofuata kule kiko kwenye udongo. Majivu ya volkano yameacha madini mengi, kalisi na fosforasi yakiwemo, na jike anayenyonyesha huyahitaji hayo kuliko wingi wa majani. Tena nyasi fupi hazimfichi simba. Ndiyo maana ndama wengi huzaliwa hukohuko, takriban asilimia 80 ndani ya wiki tatu.

Kasoro ya kule ni maji. Mvua ikikatika, madimbwi hukauka na yanayobaki huwa ya chumvi. Kuanzia Mei makundi hushika njia ya Ukanda wa Magharibi, ule mkono wa hifadhi unaoelekea ziwani, kandokando ya Mbalageti na Grumeti, mito inayomwaga maji yake hapa Ghuba ya Speke, kisha hupanda kaskazini hadi Mara. Kwa kifupi, masika hula kidogo chenye virutubisho, kiangazi hula kingi kisicho bora lakini karibu na maji. (Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu hawa walikuwa kama 250,000 tu. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaambukiza na kuwaua nyumbu pia, ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, idadi ikapaa. Wafugaji wanastahili shukrani ambazo hawajawahi kupewa.)

Hata ndani ya Ukanda wa Magharibi wanyama hawakai popote. Wasukuma huita mbuga ule udongo mweusi wa bondeni, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Masika wanyama hukaa juu mwinukoni, penye nyasi fupi na ardhi kavu. Juu kukikauka huteremka bondeni kwa zamu. Pundamilia hutangulia, kwa kuwa hacheui na tumbo lake hupitisha mabua magumu kwa haraka. Akishafyeka mabua, nyumbu hufikia majani ya katikati. Swala tomi, mwenye mdomo mwembamba, humalizia machipukizi ya chini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tembo ana hesabu nyingine. Kwa siku hula hadi kilo 150 na kunywa lita 100 hadi 200. Mwili huo haushibi mahali pamoja, na shamba la mahindi yaliyokomaa humpa kwa saa chache chakula ambacho porini angekihangaikia siku nzima. Hatari anaijua pia: mchana hujificha vichakani, usiku huingia shambani, na anapokatiza makazi ya watu huongeza mwendo. Aliyepotea hapangi ratiba hivyo.

Uzio wa pilipili umefanya kazi sehemu nyingi na umeshindwa sehemu nyingi, kwa sababu zinazojulikana. Pilipili kichaa iliyosagwa huchanganywa na oili chafu, ikapakwa kwenye kamba za katani na vitambaa vilivyofungwa kwenye nguzo. Kosa la kwanza ni kuusogeza uzio hadi kwenye mahindi: mkonga hupita juu yake. Uwe mita kadhaa mbele ya mazao. La pili, kupaka mara moja na kusahau. Mvua huosha, jua hukausha, na baada ya kila mvua kubwa lazima kurudia. La tatu ndilo baya zaidi: kuziba pito lote la kwenda majini. Tembo mwenye kiu hatageuka nyuma kwa pilipili. Atavunja, na shamba la jirani litaumia.

Kiboko ni rahisi zaidi. Hula nchi kavu usiku na kurudi ziwani alfajiri, kwa njia zilezile. Kwa kuwa haruki, uzio mfupi imara au mtaro huzuia bustani ya nyanya.

Sasa kuhusu kazi ya klabu. Tunahesabu nyayo na vinyesi kwenye mstari wa kilomita 1, mita 2 kila upande. Unyayo wa mbele wa tembo hupimwa mzingo. Ukizidisha kwa 2 unapata takriban kimo chake begani. Mitego ya kazi hii ni miwili. Mstari ukifuata njia ya wanyama, idadi huvimba, hivyo lazima mstari ukatize njia hiyo. Na masika mbawakawa hufukia kinyesi ndani ya siku chache, ilhali kiangazi hukaa miezi; vinyesi vichache masika si ushahidi kwamba wanyama wameondoka. Zaidi ya hayo, kukuta nyayo nyingi vichakani hakutoshi kusema tembo amechagua vichaka, kama eneo lote ni vichaka. Ndiyo sababu tunapima pia mahali ambapo hawakupita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tuna maombi matatu. Kwanza, futi kamba 2 za mita 50 na kifaa kimoja cha GPS. Cha kuazima pia kinafaa. Pili, askari wa wanyamapori wa kufuatana nasi kila tunapopima karibu na mpaka wa hifadhi, kwani bila yeye wazazi hawaturuhusu, na wako sahihi. Tatu, vijiji vinapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, mapito yachorwe kwenye ramani kabla ya kugawa viwanja na mashamba, na takwimu zetu zipokelewe mezani. Hili la tatu tungependa lijibiwe kabla ya Mei.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.