Kesi ya bidhaa mbovu inaanzia kwenye simu ya mteja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie hili suala la kampuni kushtakiwa na wateja walioumizwa na bidhaa zake, maana kila likizungumzwa naona watu wanakimbilia mawakili tu, eti kampuni itafute wakili mkali, ibandike onyo refu kwenye boksi, basi imeshajikinga. Mimi nimekaa miaka mingi kitengo cha ubora kiwandani na nawaambia wakili anakuja mwishoni kabisa, anakuta mambo yameshaiva au yameshaoza, na kitakachombeba au kumwangusha ni rejesta ya malalamiko na rekodi za uzalishaji ambazo wakati zinaandikwa hakuna mtu aliyekuwa anawaza mahakama.

Chukua ile kesi ya kahawa ya McDonald's kule Marekani, ambayo mpaka leo watu wanaicheka. Mama wa miaka 79 alimwagikiwa na kahawa mwaka 1992, na mwaka 1994 jopo la wananchi mahakamani likaamua alipwe karibu dola milioni 2.9. Watu wakasema hawa wamechanganyikiwa, nani asiyejua kahawa ni ya moto? Sasa ukifuatilia unakuta kahawa yenyewe ilikuwa inauzwa ikiwa na joto la kama nyuzi 82 mpaka 88, mama wa watu aliungua mpaka akapandikizwa ngozi, na mwanzoni kabisa alikuwa anaomba dola 20,000 tu za matibabu na gharama nyingine, kampuni ikamwambia chukua 800. Halafu ikaja kujulikana kwamba ndani ya miaka kumi hivi kabla ya hapo kampuni ilishapokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuungua, na joto likaachwa vilevile. Hapo ndo kampuni ilipoangukia. Na angalieni kitu kimoja ambacho huwa hakisemwi, ule utetezi wa kwamba mteja naye alikosea ulikubaliwa kabisa, jopo lilimkata asilimia 20, baadaye jaji akapunguza malipo mpaka dola 640,000 na pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Yaani kosa la mteja lilihesabika, ila halikuweza kufuta malalamiko 700 yaliyokaa kwenye faili.

Sasa hayo malalamiko yanapotea vipi? Mteja anapiga simu, chaja yangu inanuka kuungua. Dada wa huduma kwa wateja anamjibu vizuri tu, pole sana, ichomoe uilete tukubadilishie, mteja anapewa mpya, anaondoka ameridhika, ile mbovu inatupwa na kwenye kompyuta inaandikwa "imebadilishwa". Kwa upande wa biashara mambo safi. Lakini namba ya bechi, yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, haijaandikwa, chaja yenyewe haipo tena, na wiki hiyo hiyo wafanyakazi wawili wenzake huyo dada wamepokea simu kama hiyo na hakuna anayejua habari za mwenzake. Siku nyumba ya mtu ikiungua, wakili wa mdai ataomba rekodi zote, na hizo simu tatu zitakaa pamoja kwa mara ya kwanza mezani kwa jaji, wakati zilitakiwa zikae pamoja mezani kwa mhandisi miezi sita nyuma.

Kwa hiyo mimi ukiniuliza hela ya kwanza iende wapi, nitakwambia iende hapo. Namba ya bechi kwenye kila kitu kinachotoka getini, sampuli za akiba za kila bechi ziwekwe stoo na lebo yake, sapulaya wa kila kipande ajulikane na mkataba wake useme wazi nani anabeba gharama kipande chake kikileta balaa, na malalamiko yote yaende kwa mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema simamisha mashine. Hapo kwenye mamlaka ndo penye ugomvi, sababu meneja wa mauzo hapendi kusikia neno simamisha, lakini mtu wa ubora asiyeweza kusimamisha kitu ni karani tu.

Mabadiliko ya dizaini nayo yaandikwe, na tarehe, na sababu. General Motors walitoa somo kubwa hapa. Walikuwa na swichi ya kuwashia gari iliyokuwa legevu, goti likigusa funguo au funguo zikiwa nzito inajizima, injini inakata na mifuko ya hewa (airbag) haifunguki. Mfuko wa fidia ulioanzishwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Kumbe kipuri kilisharekebishwa kimyakimya miaka mingi kabla ya magari kuitwa yarudi mwaka 2014, ila namba ya kipuri ikaachwa ile ile ya zamani! Matokeo yake hata wachunguzi wa kampuni yenyewe walikuwa wanashangaa kwa nini magari ya zamani yana shida na ya karibuni hayana, na aliyekuja kuligundua ni mhandisi aliyekodiwa na upande wa mdai, alinunua swichi mpya akazilinganisha na ya zamani kipande kwa kipande. Fikiria unakaa kizimbani unaulizwa kwa nini mlirekebisha na hamkumwambia mtu.

Kuna wanaodhani wakionyesha walikuwa makini basi wamepona. Inategemea uko wapi. Kweli zamani ilikuwa lazima mdai athibitishe uzembe, na kesi maarufu ya Donoghue ya Uingereza mwaka 1932, ile ya konokono kwenye chupa, ilisema mtengenezaji anawajibika kwa mlaji hata kama hawakuuziana moja kwa moja. Lakini Ulaya tangu sheria yao ya mwaka 1985 mdai haonyeshi uzembe, anaonyesha kasoro, madhara, na kwamba kasoro ndo ilileta madhara, na sheria mpya ya 2024 imeingiza mpaka programu za kompyuta. Utetezi bado upo, unaweza kusema kasoro haikuwepo bidhaa ilipotoka kwetu, au sayansi ya wakati ule isingeweza kuigundua, au sisi tulitengeneza kipande tu kwa dizaini ya mwenye bidhaa, au bidhaa ina zaidi ya miaka kumi tangu itoke. Haya, kila kimoja hapo kithibitishe bila karatasi yenye tarehe, tuone.

Kuhusu maonyo, yana kazi yake lakini yanakuja mwisho. Kwanza uiondoe hatari kwenye dizaini, ikishindikana weka kinga, ikishindikana ndo uonye. Onyo la mistari arobaini kwa herufi za mchwa halisomwi na mtu, na kama unauza ngazi za kupandia na unajua fika watu husimama kidato cha juu kabisa, kusema "tuliandika wasisimame" hakutakufikisha mbali, sababu matumizi mabaya yanayotabirika unatakiwa uyatabiri.

Ajali ikishatokea, mambo ni machache. Mjulishe mtu wa bima mapema, wengi wanachelewa halafu bima inakataa kulipa. Kifaa kilichohusika kitunzwe kama kilivyo, kisifunguliwe mpaka wataalamu wa pande zote wawepo. Zima ile mitambo inayofuta imeili za zamani yenyewe, maana jaji akikuta umefuta anaweza kuhisi unaficha. Na wahandisi waache kubahatisha kwenye grupu la WhatsApp, "mi nahisi ni ile soldering", hiyo sentensi itasomwa mahakamani kama ungamo.

Kama kuna dalili ni bechi nzima, ziite zirudi, na usikimbilie kubadilisha kabla hujajua chanzo. Samsung mwaka 2016 waliita simu za Note 7 karibu milioni 2.5 zirudi sababu betri zilikuwa zinashika moto, wakawapa watu nyingine zenye betri ya mtengenezaji mwingine, nazo zikaanza kushika moto kwa kasoro tofauti kabisa, mwishowe wakaifuta simu yenyewe sokoni.

Na hapa Mhariri nina ombi kwenu nyie wa magazeti. Tangazo la kampuni kuita bidhaa zirudi huwa linawekwa kona ya chini ukurasa wa ndani, jina la kampuni kubwa, namba za bechi hazisomeki. Mkilipokea tangazo kama hilo lazimisheni namba ziandikwe kubwa na picha ya mahali zilipo kwenye bidhaa, kama kampuni haitaki kulipia nafasi hiyo, iandikeni nyie kama habari.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtu wa kitengo cha ubora