Wachoraji wa vipuri, angalieni kona za ndani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotuletea michoro karakana za huku Unga Limited. Juzi kijana kaja na mchoro wa kitelezi cha mashine, kona ya ndani nyuzi 60, kali kama wembe. Kisu kilichonyooka cha mashine ya milingi, kile cha duara kinachozunguka kikikata chuma, hakiingii chini ya ukuta ulioinama. Pale inatakiwa davuteli, kisu kinachopanuka kuelekea chini, na nyuzi zake zilingane na za mchoro. Cha 45 hakifanyi kazi ya 60. Ncha zake ni nyembamba, zinamegeka upesi, kwa hiyo chuma kingi nakitoa kwanza kwa kisu kilichonyooka, davuteli inamalizia taratibu. Bei yake tusiongee. Hata hivyo ncha huacha uduara kidogo, basi kipuri kinachoingia kipunguzwe ukingo.

Kona zilizosimama, pale kuta mbili zinapokutana, ndizo zinazoleta ugomvi. Kisu cha milimita 10 kinaacha uduara konani, nusu kipenyo chake milimita 5, upende usipende. Ndugu mchoraji, andika nusu kipenyo unachokubali, au turuhusu kutoboa tundu dogo pale konani.

Fundi wa milingi,
Unga Limited, Arusha