Kabla ya kushangilia ufaulu, hesabuni walioanza kidato cha kwanza

Kwa wazazi na wajumbe wa bodi za shule za sekondari za kata, huko vijijini.

Wanangu, salaam. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mkutano wa wazazi husomewa namba moja tu: ufaulu. Nawaomba msipige makofi kabla ya kufungua rejista ya miaka minne nyuma.

Tuseme walioripoti kidato cha kwanza walikuwa 120. Mtihani wamefanya 60, wamefaulu 48. Shule inatangaza asilimia 80, na haijadanganya. Ila kwa wale 120 mliowashonea sare, 48 ni asilimia 40. Wale 60 wengine wako wapi?

Na ufaulu wenyewe uchunguzeni. Mwenye D mbili na F tano amehesabiwa humo: D ni pointi 4, F ni pointi 5, masomo saba yanampa 33, mwisho kabisa wa divisheni ya nne. D yenyewe inaanzia alama 30. Kidato cha tano kinataka angalau C tatu. Basi ulizeni wa divisheni ya kwanza hadi ya tatu ni wangapi, wasichana mbali, wavulana mbali. Jedwali la NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, la kila shule limekwisha kuwatenganisha. Shule ndogo msiihukumu kwa mwaka mmoja pia. Penye watahiniwa 40, mtoto mmoja ni asilimia 2.5. Jumlisheni miaka mitatu.

Nunueni daftari la kaunta. Kila aliyeripoti kidato cha kwanza aandikwe: jinsia, kitongoji, saa anazotembea, anakaa nyumbani, hosteli au amepanga geto, yaani chumba cha kujitegemea. Kila Juni na Desemba jazeni: yupo, amehama, amekariri kidato cha pili, ameacha, na kwa sababu gani. Panapoharibika ni kwenye uhamisho. Aliyehama bila barua huitwa mtoro, na aliyeacha kweli huandikwa "amehama" ili mambo yaishe. Mwenyekiti wa kitongoji athibitishe kila jina. Yeye anajua nani yuko shambani, nani ameolewa, nani amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani.

Mkiona wanaopotea ni wasichana wa vitongoji vya mbali, michango iende kwanza kwenye hosteli yenye matroni, darasa jipya lisubiri. Geto la msichana wa miaka 15 anayejipikia peke yake ni hatari, na sote tunalijua hilo. Wakipungua wote msimu wa palizi na mavuno, kaeni mkubaliane debe la mahindi na maharage kwa chakula cha mchana. Wakikwama kidato cha pili, tazameni lugha: wametoka darasa la saba wakisoma kwa Kiswahili, sasa ubao wote ni Kiingereza. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza ziwe za Kiingereza hasa, na mkuu wa shule asizikate kwa sababu watoto wamechelewa kuripoti.

Safu ya sababu isisomwe hadharani. Aliyeacha kwa mimba ana ruhusa ya kurudi tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Mwalimu wa malezi na mama mmoja wa bodi waende nyumbani kwao, wazungumze na wazazi wake kwanza, wajue nani atabaki na mtoto saa za masomo, ndipo wapange siku ya kuripoti.

Mzee wenu.